Mgeni wa njugu, mgeni wa ghorofa: Nani hasa anakunyima kazi?

Panda mathree ya nambari 46 pale tao saa kumi na moja jioni, ukielekea Kawangware. Kabla haijajaa utasikia mtu akigonga dirisha. Amebeba ndoo ya njugu karanga, kikombe kidogo cha kupimia na karatasi alizokunja tayari. Unanunua za ishirini. Anakwambia, "Asante sana, kaka."

Hiyo "kaka" ndiyo inayomtoa. Mkenya angekuita bro, buda ama boss. Huyu ametoka Burundi. Kiswahili chake pengine alikiokota Tanzania akiwa njiani, au alikulia nacho Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura. Nairobi yetu ni ya ajabu: ukiongea Kiswahili kilichonyooka, watu wanashuku wewe si wa hapa.

Gari linajaa, linatoka. Mkifika Hurlingham, kisha Yaya, chungulia nje. Utaona mabango yenye maandishi ya Kichina: mikahawa, maduka ya vyakula, ofisi za kampuni za ujenzi. Juu yake kuna maghorofa, na juu ya maghorofa kuna kreni zinazojenga mengine. Kilimani na Kileleshwa ndiko Wachina wengi wa jiji hili wanakoishi. Mbele kidogo mteremko unaanza, ghorofa zinapungua, mabati yanaongezeka. Umefika Kawangware. Ndani ya plot moja hapo, Warundi wanne au watano wanachanga kodi ya chumba kimoja, na usiku wanakaanga njugu za kesho.

Barabara moja, wageni wa aina mbili. Na wewe kijana, kila ukikosa kazi, unaambiwa wote wawili ndio chanzo cha shida zako. Hebu tuwaangalie mmoja baada ya mwingine kabla hatujaamini.

Kwanza tuache kuwatia wote kapu moja. Si kila Mrundi anauza njugu. Wako waliokimbia vita baada ya 1993, na wengine walifika baada ya mtafaruku wa 2015, Pierre Nkurunziza alipowania muhula wa tatu. Wako wanafunzi, wapishi, wanamuziki na mafundi. Vilevile si kila Mchina ni bosi. Wako wasimamizi wa miradi na wenye mitaji, ndio. Lakini wako pia mafundi wanaolala kwenye kambi za kampuni, hawajaona watoto wao kwa mwaka mzima, na Nairobi wanayoijua ni ile ya kutoka kambini hadi saiti.

Hata hivyo tofauti ipo, na ni kubwa. Mchina wengi wao huja akiwa na kampuni nyuma yake, au benki, au ndugu aliyetangulia mwenye duka. Akikwama, kuna ubalozi wenye sauti. Mrundi huyu wa njugu ametoka katika mojawapo ya nchi maskini zaidi duniani, na nyuma yake hakuna anayemtumia pesa. Yeye ndiye anayetuma nyumbani. Akikwama, anakimbia.

Hata lugha inakuonyesha tunamheshimu nani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka wa 2005, ya kwanza barani Afrika, na tangu hapo vijana wamekuwa wakijifunza Kichina ili wapate kazi za ukalimani na ofisi. Ushawahi kusikia kijana wa Nairobi akilipa karo ajifunze Kirundi?

Sasa tuangalie karatasi, kwa sababu hapo ndipo mambo yanageuka kichwa chini.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Julai 1, 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika, ikitoa haki kwa raia wa nchi wanachama kusafiri, kufanya kazi na kuanzisha biashara katika nchi za wenzao, ijapokuwa kila nchi iliweka masharti yake. Kisha Novemba 28, 2017, akiapishwa kwa muhula wa pili pale Kasarani, Rais Uhuru Kenyatta akawatangazia Waafrika Mashariki kwamba watakachohitaji ni kitambulisho tu: wafanye kazi, wafungue biashara, wamiliki mali, na hata waoe hapa. Uwanja ukashangilia.

Mchina hana mkataba kama huo nasi. Akitaka kufungua biashara yake lazima aombe kibali cha Daraja G, ambacho kinataka mtaji wa dola 100,000 za Marekani. Akitaka kuajiriwa, kuna Daraja D, na mwajiri wake anapaswa kuonyesha kwamba ujuzi huo haupatikani kwa urahisi miongoni mwa Wakenya.

Kwa hivyo kwenye karatasi Mrundi ni ndugu na Mchina ni mgeni. Ukishuka barabarani, ni kinyume. Anayekimbizwa na kanjo akiacha ndoo nyuma ni ndugu. Anayefunguliwa geti na kupigiwa saluti na soja ni mgeni. Tunampima mtu kwa mfuko, halafu tunajidai tunampima kwa sheria.

Lakini subiri. Kama ingekuwa tunawaheshimu Wachina siku zote, kungekuwa na maelezo rahisi. Sivyo. Angalia ni wakati gani tuliwakasirikia.

Juni 2019, picha za Wachina wakiuza bidhaa Gikomba zilipoenea, nchi ililipuka. Serikali ikawakamata saba na kuwarudisha kwao. Mwezi huohuo, aliyekuwa mbunge wa Starehe, Charles Njagua, maarufu Jaguar, alirekodiwa akitishia kwamba wafanyabiashara wa kigeni wakiwemo Watanzania, Waganda, Wapakistani na Wachina watatolewa madukani kwa nguvu. Alikamatwa, na Serikali ya Kenya ikalazimika kujitenga na maneno yake baada ya bunge la Tanzania kuja juu.

Februari 2023, ikawa zamu ya duka la China Square, lililokuwa limefunguliwa kwenye jumba la Unicity la Chuo Kikuu cha Kenyatta. Bei zake zilikuwa chini kiasi kwamba wafanyabiashara wa Nyamakima na Kamukunji waliandamana katikati mwa jiji wakitaka Wachina waondoke. Wakati huohuo wateja, Wakenya hawahawa, walikuwa wakipanga foleni dukani humo.

Unaona mpangilio wake? Mchina akijenga barabara ya Expressway ya kilomita 27, hatusemi kitu, tunapiga picha. Akinunua ploti Kileleshwa na kupandisha ghorofa ishirini, hatusemi kitu, tunaulizia kazi ya mjengo. Siku anayoshuka sokoni na kusimama karibu na kibanda chetu, ndipo anakuwa adui. Na Mrundi amekuwa adui tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuwahi kusimama mahali pengine ila karibu nasi.

Kumbe hasira yetu haina habari na pasipoti. Tunagombana na yule tunayeweza kumfikia kwa mkono. Anayeamua mambo yuko mbali, hatumwoni, basi tunamrukia aliye karibu.

Hatusemi kwamba malalamiko ya wafanyabiashara wadogo ni upuzi. Mama anayeuza karanga kwenye steji moja Kawangware, ambaye analipa karo ya watoto watatu, ana haki ya kuuliza kwa nini kijana mwenye ndoo anapita kila gari kabla yake, tena bila kulipa ushuru wa kibanda anaolipa yeye. Mfanyabiashara wa Nyamakima aliyekopa kwenye chama, akaagiza mzigo kupitia mawakala na kusubiri miezi bandarini, ana haki ya kuuliza atashindana vipi na mtu anayetoa bidhaa moja kwa moja kiwandani. Haya ni maswali ya kweli. Ila jibu lake ni kanuni zinazomhusu kila mtu: leseni, ushuru, vibali vinavyokaguliwa. Kumpindulia mtu ndoo hakujawahi kumlipia mama yeyote karo.

Na kuhusu kazi zako wewe, hebu tuongee ukweli. Hata Warundi wote wa Kawangware wakirudi kwao kesho, utakachopata ni nafasi ya kutembea tao nzima ukiuza karanga za ishirini ishirini. Hiyo ndiyo ajira uliyosomea? Kazi zilizo nyingi upande huu wa jiji ziko kwenye yale maghorofa. Kila alfajiri vijana kutoka Kawangware na Kangemi wanatembea kwa miguu hadi saiti za Kileleshwa na Lavington. Wanalipwa kwa siku. Wengi hawana barua ya kazi, hawana NSSF, na wakianguka kutoka ghorofa ya tano, ni mchango wa WhatsApp.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, pamoja na haki zinazofuata. Jumba la ghorofa ishirini haliwezi kujengwa kwa miezi mitatu. Sasa jiulize ni vijana wangapi wa mjengo wanaoijua sheria hiyo, na ni wakaguzi wangapi wa leba wamewahi kufika saiti yao. Na usidhani ni Mchina peke yake anayeipuuza. Wenye majengo ni wa kila rangi, wakiwemo Wakenya waliozaliwa kijiji kimoja na wewe.

Vivyo hivyo na vibali. Ukimwona mgeni akifanya kazi ambayo una cheti chake, usimfuate yeye. Yeye alituma maombi, na mtu fulani ofisini, Mkenya, akatia sahihi. Huyo ndiye anayefaa kuulizwa.

Kabla hujasema tuwe wakali, kumbuka Julai 2025. Tanzania ilitoa agizo la kuwazuia wageni kufanya biashara ndogondogo za aina 15: uwakala wa pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii na nyinginezo. Wakenya tulichacha. Tulisema ni kinyume cha Jumuiya, tulisema ni ubaguzi. Tulikuwa sahihi. Lakini Mrundi wa njugu angesikia kelele zetu angecheka, kwa sababu hayo tuliyolilia ndiyo tunayomfanyia yeye pale tao. Na tusisahau dada zetu walioko Saudia: kila familia hapa inajua uchungu wa kuwa mgeni asiye na mtu wa kumpigia simu.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo matatu. Moja, Serikali ya Kaunti na Idara ya Uhamiaji zikae pamoja, ziweke leseni nafuu ya mchuuzi mdogo kutoka nchi za Jumuiya. Alipe kidogo, ajulikane, asiwe mtu wa kukamuliwa na kila mwenye sare, na yule mama wa steji ajue kwamba wote wanalipa. Mbili, masharti ya Daraja D na G yakaguliwe kule Kilimani kwa bidii ileile inayotumika kumkimbiza mwenye ndoo. Tatu, wakaguzi wa leba wafike saiti, bila kujali bango la nje limeandikwa kwa lugha gani.

Na kwako wewe unayesoma hii ukiwa kwenye simu, labda ndani ya hiyohiyo 46: video ya mchuuzi akipinduliwa ndoo ikikufikia, usiisambaze ukicheka. Na kama kesho unarauka kwenda mjengo, anza kuandika kwenye daftari siku unazofanya kazi, moja baada ya nyingine, na jina la anayekulipa. Zikifika mwezi, mwulize msimamizi barua yako iko wapi. Nendeni mkiwa wengi, usiende peke yako.