Orodha Nayo Ina Zamu Yake

Ndugu askari, katika chuo cha makurutu tulifundishwa kuhesabu risasi kabla ya zamu na baada yake. Hakuna aliyetufundisha kuhesabu nakala za orodha. Hilo ni pengo, na adui hupita penye pengo.

Tutazame Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru nchini Zambia. Tangu Agosti 2017 maelfu ya watu walivuka kutoka Kongo wakikimbia mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika. Walipokelewa Kenani, na mwaka 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala. Wakimbizi wanaohudumiwa na UNHCR huandikishwa katika mfumo uitwao proGres. Humo kila mtu ana namba yake na kila kaya ina yake. Taarifa zimepangwa katika majedwali mengi yaliyofungamanishwa, mithili ya vikosi vilivyo chini ya amri moja.

Sasa ofisa wa ugavi ataka orodha kwa haraka. Taarifa hutolewa mfumoni na kumwagwa katika lahajedwali, na hapo ndipo amri ivunjikapo. Mama mwenye watoto watano huonekana katika mistari sita, namba ya kaya yake ikirudiwa mara sita. Ahesabuye mistari hupata kaya sita palipo na moja. Namba ya simu ianzayo na 097 hupoteza sifuri yake. Tarehe 3/8/2017, ambayo kwetu ni ya Agosti, kompyuta iliyopangwa Kimarekani huisoma kuwa ya Machi. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini karatasi imekwisha kudanganya.

Wala tusidhani kuwa haya ni matatizo ya nchi changa. Mwaka 2020 huko Uingereza wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya hesabu za kila siku, kwa kuwa faili la aina ya zamani halikuweza kubeba zaidi ya mistari 65,536.

Hata hivyo, kosa la hesabu husahihishwa. Siri iliyotoka hairudi. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la taarifa kwa lahajedwali lenye ukurasa uliofichika. Majina na vyeo vya watumishi wao zaidi ya 9,000 vikaonekana na ulimwengu mzima. Februari 2022 mtumishi wa ulinzi wa Uingereza alituma faili akidhani lina watu wapatao 150. Lilikuwa na takriban Waafghanistan 19,000 walioomba hifadhi, na umma haukuambiwa mpaka Julai 2025. Hebu fikirini baba aliyeko Mantapala, ambaye waliomfukuza wako ng'ambo ya ziwa. Jina lake, kijiji alikotoka na idadi ya wanawe vikiandikwa mstari mmoja, ni ramani ya kumfikia.

Nakiri kwamba nami si msafi. Niliwahi kuwapelekea waandishi wa habari orodha ya waalikwa wa gwaride, kumbe ukurasa wa pili una namba za simu za maofisa. Mkuu wangu hakunifokea. Alinyamaza, nikatamani angefoka.

Sisemi lahajedwali lipigwe marufuku; posho na mgao wa mahindi vyahitaji jedwali jepesi. Ila anayegawa mahindi ahitaji namba ya kaya na idadi ya vinywa, si kijiji cha asili. Apewe hivyo tu, katika faili jipya, si faili kubwa lililofichwa safu zake. Tarehe ya kutolewa iandikwe juu kabisa, kwani orodha iliyotolewa mfumoni ni kama samaki aliyetolewa Mweru: kuoza kumeanza. Tangu Desemba 2021 baadhi ya watu wa Mantapala walianza kurejeshwa Pweto, na orodha ya kabla ya hapo yawahesabu bado wapo.

Kosa likionekana, lisahihishwe mfumoni, si katika nakala. Na nakala iliyokwisha kazi ifutwe mbele ya shahidi, ambaye ataweka sahihi katika daftari la zamu, papo hapo zinaposainiwa risasi.