Cheti cha ukutani hakitoshi: Usalama wa chakula unaanzia pale unaponunua

Ingia kwenye kibanda chochote cha githeri saa saba mchana. Ukutani utaona namba ya kulipia, na kando yake cheti cha afya cha mpishi. Vyote viwili ni vizuri. Lakini hebu tujiulize: hicho cheti kinatuambia nini hasa?

Kinatuambia kwamba mpishi alipimwa na hakupatikana na ugonjwa wa kuambukiza wateja. Baada ya miezi 6 anapimwa tena. Hilo tunaliunga mkono. Ila cheti hakisemi mahindi yalitoka wapi, yalikaushwa vipi, wala gunia lilikaa sakafuni siku ngapi. Kwa maoni yetu, wauzaji wa chakula Kenya wanapimwa sana na kufundishwa kidogo mno.

Hili si jambo la mzaha. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu kuvu, ile inayoitwa pia aflatoksini. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, kuvu ikaota. Na ubaya wa sumu hii ni kwamba haiishi kwa kuchemshwa. Mpishi anaweza kunawa mikono vizuri, akavaa aproni safi, akachemsha githeri masaa matatu, na bado akamlisha mteja sumu.

Kwa hivyo, kwa mahindi, uamuzi mkubwa hufanyika sokoni, kabla moto haujawashwa. Kiwango kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumu kuvu isiyozidi maikrogramu 10 kwa kilo. Najua utasema kibanda hakina maabara. Kweli, lakini kina chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado ni mabichi, usinunue. Isiponata, ujue tu kwamba yamekauka. Sumu inaweza kuwa iliingia kabla, kwa hivyo punje zilizooza au kubadilika rangi bado zitolewe.

Somo la pili ni kumbukumbu, na hapa simu yako inasaidia. Ukilipa muuzaji wa mahindi kwa simu, meseji inabaki na jina, tarehe na kiasi. Ukilipa pesa taslimu kwa dalali wa kando ya barabara, hubaki na chochote. Siku wateja wawili watatu wakilalamika tumbo, utataka kujua gunia lile lilitoka kwa nani na nani mwingine alinunua. Lakini tusidanganyane: meseji haijui ni gunia lipi. Weka daftari la shilingi chache, andika tarehe, muuzaji, idadi ya magunia na siku ulipofungua kila moja. Meseji na daftari vikienda pamoja, unaweza kufuata chakula kutoka sahani hadi shambani. Viwanda vikubwa hulipia washauri kufanya hivyo hivyo.

Kuna wanaosema mafunzo yanapoteza muda. Tunawaelewa. Mama akifunga kibanda siku nzima, hakuna mauzo, na karo inangoja. Ndiyo maana tunasema mafunzo yamfuate yeye. Maafisa wa afya wa kaunti wangeweza kufundisha saa moja sokoni, ile saa tisa wateja wamepungua, kwa lugha ya sokoni na kwa mahindi halisi mezani. Na mtu akienda kufanya upya cheti cha afya, asipimwe tu na kuondoka. Afundishwe pia, kisha aulizwe maswali.

Wakenya wengi tulijifunza kutuma pesa kwa simu bila kukaa darasani. Tulionyeshwa na wakala pale dukani, tukajaribu, tukazoea. Usalama wa chakula unaweza kufundishwa vivyo hivyo.

Wiki hii, kabla ya kulipia gunia linalofuata, jaribu chumvi kwanza. Ukishalipa, fungua daftari ukurasa wa kwanza, uandike.