Kinyama Kilichokatwa Jichoni Kipimwe

Katika mashamba ya mpunga ya bonde la Namatala, mtu aliyeota uvimbe kwenye weupe wa jicho huambiwa ana kinyama. Sina ugomvi na neno lenyewe. Hatari yake ni kwamba limebeba maradhi yasiyofanana hata kidogo.

Kipo kinyama kisicho saratani, kinachotambaa kama bawa kuelekea mboni. Ipo saratani ya utando wa jicho inayochochewa na jua kali na virusi vya UKIMWI. Daktari Ateenyi-Agaba alionyesha uhusiano wake na virusi hivyo mjini Kampala mwaka 1995. Na ipo limfoma, iliyo adimu zaidi, ambayo seli za kinga za mwili hugeuka saratani na kujikusanya chini ya utando huo. Mara nyingi huwa laini, ya rangi ya waridi, haiumi, nayo hukua polepole hata mwenyewe akaizoea kama alivyozoea kovu la utotoni.

Jicho la daktari, hata awe bingwa, halitoshi kuyatenganisha haya. Hukumu hutolewa na hadubini. Kinyama hutiwa katika chupa yenye formalini, kikapelekwa maabara, kikakatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi. Ikishukiwa limfoma, hupimwa pia protini zilizo juu ya seli, kwani zipo limfoma za mwendo wa kobe na zipo zinazokimbia. Kisha huchunguzwa tezi, damu, pengine hata uboho, ijulikane kama ugonjwa uko jichoni tu.

Tiba ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Saratani ile ya utando hukatwa. Na utafiti wa Daktari Stephen Gichuhi na wenzake nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba matone ya fluorourasili kwa wiki 4 baada ya upasuaji yalipunguza kurudi kwa ugonjwa ndani ya mwaka mmoja kutoka asilimia 36 hadi 11. Limfoma haitibiwi kwa matone hayo. Ile ya polepole, ikiwa haijatoka jichoni, husikia vizuri mionzi. Iliyoenea huhitaji dawa za mwili mzima. Kwa hiyo kinyama kikitupwa kwenye ndoo ya taka, mgonjwa hurudi nyumbani na kidonda kilichopona na ugonjwa usio na jina.

Nitaambiwa kwamba wanapatholojia ni wachache na Kampala ni mbali. Kweli. (Hata mionzi si ya kuitegemea kwa macho yaliyofumbwa: mashine ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, nchi ilikaa zaidi ya mwaka bila nyingine.) Lakini chupa ndogo yenye formalini haichoki kwa safari ya basi kutoka Mbale, anayechoka ni mgonjwa anayerudi tena na tena. Nashikilia kwamba gharama ya kipimo iingizwe ndani ya gharama ya upasuaji wenyewe katika kila hospitali ya umma, isiwe karatasi ya ziada anayopewa mkulima akatafute fedha. Hilo tuwadai wabunge na madiwani wetu kama tunavyowadai barabara.

Kwa sasa, mgonjwa na aulize kabla hajalala kitandani: kinyama changu kitapelekwa wapi, majibu yatatoka lini, na nani atanipigia simu?