Gari mpya ya umeme ikiharibika, mwenyewe atalalamika kwa nani?

Wakaaji wa Lualaba na Haut-Katanga walijua kobalti mbele ya kujua gari inayotumia kobalti. Zaidi ya 70 kwa 100 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na malori yanaibeba kutoka Kolwezi, yanapita Likasi na Lubumbashi, yanavuka Kasumbalesa kuelekea bandari za Durban na Dar es Salaam. Gari zenyewe bado ni chache kwenye barabara za Kongo, lakini zinakuja. Wauzaji wanasema haziombi mafuta, hazipigi kelele, hazina vidanji.

Hayo yote ni kweli. Ila kuna neno moja ambalo wauzaji hawapendi kusema: gari ya umeme inaweza kutoka kiwandani ikiwa mpya kabisa, inang'aa, na bado ikawa mbovu. Watu wa Marekani walionunua mbele ya Wakongomani wameliona hilo. Malalamiko yao yanafaa kusikilizwa Lubumbashi, Kolwezi, Bukavu na Kinshasa, hasa na yule ambaye sasa anaweka pesa pembeni ili anunue gari ya namna hiyo.

Bolt, gari ya kulaza mbali na nyumba

Chevrolet Bolt ya kampuni General Motors ilianza kufika kwa wanunuzi mwisho wa mwaka wa 2016. Haikutengenezwa kwa ajili ya matajiri peke yao. Bei yake ilianza karibu dola 37 500, na kampuni iliahidi karibu kilometa 380 kwa chaji moja. Walimu, wafanyakazi wa ofisi na familia za kawaida walichukua mkopo wakainunua.

Kisha moto ukaanza. Bolt kadhaa ziliwaka zikiwa zimesimama, hakuna mtu ndani, hakuna ajali. Mwezi wa Novemba 2020 kampuni iliita gari zaidi ya 68 000 zirudi kutengenezwa. Kutengenezwa kwenyewe kulikuwa kuwekewa programu inayozuia batri isijae kupita 90 kwa 100. Maana yake, mtu aliyelipia kilometa 380 alinyang'anywa sehemu ya kumi, na mkopo wake haukupungua hata dola moja.

Wengi walivumilia. Lakini mwezi wa Julai 2021, huko Vermont, Bolt ya mbunge mmoja wa jimbo iliwaka uani kwake, na gari hiyo ilikuwa tayari imepitia matengenezo hayo. Mwezi huohuo kampuni ikaita gari mara ya pili. Agosti 2021 ikaita Bolt zote zilizowahi kutengenezwa, karibu 142 000.

Kosa lilikuwa ndani ya seli za batri, zilizotengenezwa na LG ya Korea ya Kusini. Katika seli zingine kipande kidogo cha chuma kilikuwa kimechanika. Katika zingine, utando mwembamba unaotenganisha pande mbili za seli ulikuwa umekunjamana. Makosa hayo mawili yakikutana katika seli moja, moto unaweza kuzaliwa. Hakuna dereva anayeweza kuliona kosa kama hilo, wala fundi wa garaji hawezi kulisikia kwa sikio.

Wakati batri mpya zinangojewa, wenye gari walipewa masharti. Usijaze kupita 90 kwa 100. Usiache kilometa zinazobaki zishuke chini ya 113 hivi. Ukimaliza kuchaji, toa gari nje. Usiiache ikichaji ndani ya garaji usiku. Mwezi wa Septemba 2021 kampuni iliongeza ingine kwa wale wanaoegesha katika majengo ya maegesho: simamisha Bolt mita 15 mbali na gari za wengine.

Masharti hayo yangefuatwa namna gani Katuba au Kamalondo? Katika parseli nyingi, ukuta wa jirani uko hatua chache na mahali gari inapolala. Umeme wa SNEL ukikatwa mchana na kurudi saa sita za usiku, ndiyo saa watu wote wanachaji simu, na gari nayo ingengoja saa hiyohiyo. Kumwambia mtu asichaji usiku ni kumwambia asitumie gari yake.

Hasira ya wenye Bolt ilieleweka. Mtu analipa mkopo kila mwezi kwa gari ambayo haruhusiwi kuiweka ndani ya garaji yake. Akitaka kuiuza, mnunuzi naye amesikia habari za moto. Akiuliza batri mpya itafika lini, anaambiwa angoje, na wengine walingoja miezi mingi.

Mwishowe gari za 2017 hadi 2019 ziliwekewa batri mpya bila malipo, zenye dhamana ya miaka 8 au kilometa 160 000. Kazi yote iligharimu karibu dola miliari 2, na LG ilikubali kurudishia General Motors hadi miliari 1,9. Kwa gari za 2020 hadi 2022, mambo yalibadilika tena mwaka wa 2023. Kampuni ilisema programu itachunguza batri kwa karibu kilometa 10 000, gari ikiwa imefungwa kwenye 80 kwa 100, na batri itabadilishwa tu ikionekana na kosa. Hapo malalamiko yakaanza upya, kwa sababu watu walikuwa wamengoja batri mpya, wakapewa programu.

Joto na sabuni

Bolt haiko peke yake. Nissan Leaf ilipoanza kuuzwa mwisho wa 2010, wanunuzi wa Phoenix, katika jimbo la Arizona ambako kiangazi kinapita digrii 40, waliona mapema kwamba batri inachoka upesi kuliko walivyoambiwa. Batri ya Leaf hizo haikuwa na maji ya kuipoza. Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vinavyoonyesha nguvu ya batri, na vilianza kuzimika kimoja kimoja. Wenye gari waliandikiana, wakahesabu vijiti vyao, wakapeleka kesi mahakamani. Mwisho wa 2012 Nissan ilitangaza dhamana mpya: batri ikishuka chini ya vijiti 9 mbele ya miaka 5 au maili 60 000, kampuni itairekebisha. Mtu wa Matadi au Kalemie anayetaka kununua Leaf iliyotumika Japani aanze kwa kuhesabu vijiti hivyo.

Kisha kuna Cybertruck ya Tesla, iliyoanza kupewa wanunuzi mwisho wa Novemba 2023. Hii ni gari ya bei kali. Miezi mitano baadaye gari 3 878 ziliitwa zirudi, kwa sababu kifuniko cha pedali ya kuongezea mwendo kiliweza kuteleza na kunasa, gari ikaendelea kukimbia. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba kiwandani walitumia sabuni ili kifuniko kiingie kwa urahisi, na sabuni hiyo ikabaki. Mwezi wa Machi 2025 ziliitwa zingine zaidi ya 46 000, kwa kuwa kipande cha chuma cha nje kilichoshikwa kwa gundi kiliweza kubanduka barabarani.

Inafaa kusema pia kwamba ubovu huu si wa umeme peke yake. Mifuko ya hewa ya Takata, iliyowekwa katika mamilioni ya gari za petroli na mazuti, imeua watu katika inchi nyingi, na kuitwa kwa gari hizo ni kukubwa kuliko kwa gari ya umeme yoyote. Gari ya umeme, kwa upande wake, ina vipande vichache vinavyozunguka na kuchakaa. Tofauti ni kwamba batri ndiyo kipande cha bei kali kuliko vyote katika gari. Moteri ya petroli ikikataa, fundi wa Lubumbashi anaifungua, anatafuta kipande, kesho gari inatembea. Batri ikikataa, mwenye gari anabaki na sanduku la chuma.

Kilichowaokoa hakikuwa huruma ya kampuni

Wako wanaosoma habari hizi na kusema kwamba Wamarekani wana bahati ya kuwa na kampuni nzuri. Sivyo. Kampuni ileile iliyobadilisha batri ndiyo iliyojaribu kwanza kumaliza jambo kwa programu. Kilichowasaidia wenye gari ni vitu vitatu.

Cha kwanza ni ofisi. Marekani ina sheria ya usalama wa gari tangu 1966, na ofisi ya serikali inayoitwa NHTSA inapokea malalamiko ya mtu yeyote bila malipo, inayaweka wazi ili wote wasome, na ina nguvu ya kulazimisha kampuni. Gari ikiitwa irudi kwa sababu ya usalama, mwenyewe halipi matengenezo.

Cha pili ni sheria ya mnunuzi. Wamarekani huita gari mpya iliyo mbovu «limau», na tangu Connecticut ilipopitisha sheria yake mwaka wa 1982, majimbo mengine yote yamefuata kwa namna yao. Kwa kawaida, gari mpya ikirudi garaji mara nyingi kwa kosa moja, au ikikaa huko siku 30, mwenyewe anaweza kudai ingine au pesa zake.

Cha tatu ni karatasi. Waliolalamika waliandika kilichotokea. Malalamiko ya mtu mmoja hayakutisha kampuni. Malalamiko mengi yaliyoandikwa kwa namna moja yalifanya mainjinia wafungue batri na kutafuta.

Na Kongo?

Kuna watakaosema kwamba gari ya umeme ni shida ya wakubwa, tuache wakubwa na shida zao. Jibu ni kwamba gari mpya ya leo ni mitumba ya kesho. Ile ambayo Mmarekani au Mjapani ameichoka, pengine kwa sababu hizi zilizoandikwa hapa juu, ndiyo itakayouzwa kwa bei nafuu na kupakiwa katika meli. Tena, batri ikiwaka katika parseli haiulizi nani tajiri. Inaomba maji mengi sana kuizima, na inaweza kuwaka tena baada ya masaa.

Wengine wataogopa kwamba kila ofisi mpya inaleta kodi mpya, na askari mpya wa kusimamisha watu barabarani. Woga huo una msingi, kila dereva wa Kongo anaujua. Lakini ofisi mpya haihitajiki. OCC tayari inachunguza bidhaa zinazoingia inchini. Iongeze jambo moja kwa gari za umeme: isome namba ya gari na kuangalia kama iliitwa irudi na haikutengenezwa. Kwa gari zilizouzwa Marekani, namba hiyo ina alama 17, na ukurasa wa NHTSA unajibu bure katika dakika moja. Iweke pia daftari la malalamiko ambalo mtu yeyote anaweza kuandikia, bila kulipa, na ambalo wote wanaweza kusoma.

Wauzaji nao watoe dhamana iliyoandikwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, inayotaja batri kwa jina lake: miaka mingapi, kilometa ngapi, nani atailipa, itabadilishwa katika mji gani. Muuzaji anayekataa kuandika hayo amekwisha kujibu.

INPP, inayofundisha mafundi, ianze mapema. Fundi aliyezoea batri ya volti 12 anaweza kufa siku ya kwanza akigusa batri ya volti 350. Hilo si jambo la kungoja gari zijae mjini.

Na mnunuzi asikimbilie rangi na skrini kubwa. Aombe kipimo cha afya ya batri kilichofanywa na mashini mbele ya macho yake. Aangalie namba kabla ya kutoa pesa. Gari ikianza kusumbua, aandike tangu siku ya kwanza, apige picha, atunze risiti. Maneno ya kusema tu kwa simu hayamfikishi mahali.

Wachimbaji wa Kolwezi wanatoa madini yanayofanya batri hizi ziwepo. Itakuwa haya kubwa kama mtoto wa mchimbaji huyo, siku atakapoweza kununua gari yenye kobalti ya baba yake, atapewa ile iliyokataliwa kwingine, na hatakuwa na mlango hata mmoja wa kubisha. Wabunge wa Lualaba na Haut-Katanga, ambao wanasema sana juu ya bei ya kobalti, wanaweza kuanza na jambo hili leo, wakati gari bado zinahesabika.