Jua Hili Nalo Ni Letu: Jibu kwa Wanaosema Anga Haituhusu



Kila nikiandika juu ya sayansi ya anga, huulizwa swali lilelile: "Mwalimu, sisi hatuna madaraja, nawe watuletea roketi?" Swali hilo lina haki ya kujibiwa, kwa kuwa wanaouliza wameona mito ikibeba madaraja kweli. Hata hivyo, jibu langu leo si la upole. Anayetuambia kuwa anga haituhusu anatuuzia umaskini kwa jina la busara.

Tuanze na jambo ambalo mtoto yeyote wa Ibanda aweza kulijaribu, mwalimu wake akiwa kando yake. Shika kioo cha kukuzia juani, ukisogeze mpaka mwanga ukusanyike katika nukta moja juu ya jani kavu. Baada ya muda mfupi moshi utafuka. Jua halikuongezeka hata chembe, limekusanywa tu.

Sasa tazama wenzetu walivyoutumia ujuzi huo. Tarehe 24 Oktoba 1998 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Deep Space 1. Mabawa yake yalikuwa na lenzi 720 zilizokusanya mwanga wa jua juu ya seli za kuzalisha umeme. Umeme huo uliendesha injini inayorusha nyuma chembe za gesi ya zenoni, na kwa kufanya hivyo ikakisukuma chombo mbele. Msukumo wenyewe ulikuwa mdogo, kama uzito wa karatasi kiganjani, ila haukuchoka. Injini ilifanya kazi kwa zaidi ya saa 16,000, na mwaka 2001 chombo kilipita karibu na kometi Borrelly. Haba na haba hujaza kibaba, hata angani.

Ipo na njia nyingine: kuyakusanya mionzi ya jua kwa vioo vikubwa vilivyobonyea, kuipasha moto gesi ya haidrojeni, kisha kuiachia itoke kwa kasi ili isukume chombo. Mhandisi Krafft Ehricke alilieleza wazo la chombo cha namna hiyo mwaka 1956. Uukumbuke mwaka huo, msomaji, maana ndio mwaka ambao reli ilifika Kasese kuja kuchukua shaba ya Kilembe. Wakati wengine walikuwa wakichora vyombo vya kusafiri kwa nguvu za jua, sisi tulikuwa tukipakia mawe kwenye mabehewa. Baadaye mabaki ya mgodi huo yalitolewa kobalti, madini yanayotumika katika betri nyingi za kisasa. Madini yaliondoka; ujuzi wa kuyatumia haukurudi. Je, tuendelee hivyo miaka mingine sabini?

Usiniambie kwamba Mganda hawezi. Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derrick Tebusweke walikwenda kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, wakaunda setilaiti ya kwanza ya nchi yetu, PearlAfricaSat-1. Ilirushwa tarehe 7 Novemba 2022, na mwezi uliofuata ikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa ndogo, ikipata umeme wake kutoka juani. Lakini chombo kidogo kisicho na injini, kikizunguka katika kimo kile, hukwaruzwa na hewa nyembamba, kikashuka na kuungua baada ya muda usio mrefu. Kwa hiyo elimu ya kusukuma vyombo angani si anasa. Asiyeijua atakuwa mtu wa kuanza upya kila mara.

Narudi kwenye daraja. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, ukafurika tena 2014, na mwaka 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Setilaiti haizuii mafuriko. Nitakuwa mwongo nikisema hivyo. Lakini picha za kutoka juu huonyesha, mwaka baada ya mwaka, kingo zinazomomonyoka, miteremko iliyokatwa miti, na mahali mto unapobadili njia. Anayejenga daraja bila kuyajua hayo analijengea maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi hata huo ufa hatujauona wote.

Basi, mgombea atakapopanda jukwaani Kasese au Bwera, muulize maswali matatu. Kwanza: ni picha zipi za setilaiti zinazotumiwa kupanga ujenzi kando ya mito yetu, na mwananchi anaziona wapi? Pili: ni shule ngapi za wilaya hii ambazo mwanafunzi hushika lenzi kwa mkono wake, badala ya kuichora tu daftarini? Tatu: vijana waliofunzwa ng'ambo kwa jina letu wamepewa nafasi gani ya kuwafunza wengine? Akicheka, umepata jibu lake, nawe una kura yako.

Jua hutuangazia hapa karibu na mstari wa Ikweta bila kudai kodi wala hongo. Kazi ya kulikusanya haijaachiwa taifa moja. Kesho asubuhi mpe mtoto wako lenzi na jani kavu. Mwonye asitazame jua kupitia lenzi hiyo. Kisha mwache auone moshi, na umwambie ni mwanzo wa nini.