Bibi, Gandhi na neno "bepari"

Najua nimepotea wiki tatu nzima, naomba radhi. Nipo likizo nyumbani Mjimwema, ile ya Njombe (siyo ya Makambako wala ya Kigamboni, maana kila nikisema Mjimwema kuna mtu ananiuliza bahari ikoje). Huku hakuna bahari, kuna baridi. Mwenzenu naandika nikiwa nimevaa makoti mawili, nimekaa jikoni karibu na moto.

Kabla hatujafunga chuo nilipeleka pendekezo la tasnifu yangu. Nilitaka kuandika kwamba tafsiri nayo ni falsafa, nikiwaweka Gandhi na Mwalimu Nyerere meza moja. Msimamizi wangu akaipiga kalamu nyekundu. "Tafsiri ni kazi ya watu wa lugha," akaniambia. "Kama unataka falsafa ya India na jinsi ilivyojibizana na Wazungu, mtafute Radhakrishnan." Nina mpaka chuo kifunguliwe kumpelekea kichwa kipya, la sivyo naanza upya na mwaka unaniacha.

Basi nikamtafuta huyo Radhakrishnan, na kwa kweli siyo mtu wa kubeza. Alisoma chuo cha wamisionari kule Madras, ambako walikuwa wakimwambia kwamba dini ya mababu zake haina nafasi ya maadili. Wengine wangenuna tu. Yeye mwaka 1908, akiwa na miaka 20, akaandika tasnifu nzima kujibu hoja hiyo, na profesa wake Mzungu akaisifu. Mwaka 1936 akawa profesa Oxford, na mwaka 1962 Rais wa India. Huku kwetu pia alifika: mwaka 1956, akiwa Makamu wa Rais, alizindua sanamu ya Gandhi pale Nairobi, kwenye chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi.

Namheshimu. Ila kuna kitu kinanikera. Vitabu vyake vikubwa aliviandika kwa Kiingereza, na ukivisoma unaona anavyojitahidi kumwonyesha Mzungu kwamba na sisi tunacho hicho hicho mlicho nacho nyie. Ameshinda kesi, sawa, lakini hakimu ni nani? Hakimu kabaki palepale Oxford. Na sisi darasani ndo tunafanya hivyohivyo. Hegel kasema Afrika haina historia, basi muhula mzima tunahangaika kumthibitishia marehemu kwamba tunayo.

Kumbe wakati Radhakrishnan anaandika tasnifu yake, mwaka uleule wa 1908, kuna Mhindi mwingine Afrika Kusini alikuwa anafanya kitu tofauti kabisa. Gandhi alichukua utetezi wa Socrates mahakamani, ule ulioandikwa na Plato, akauweka kwa Kigujarati kwa muhtasari kwenye gazeti lake la Indian Opinion. Wasomaji wake walikuwa wenye maduka, makarani na wafanyakazi waliokuwa wakiandamwa na sheria za kibaguzi, wengine wakitoka jela na kurudi. Socrates akampa jina la "satyavir", shujaa wa ukweli. Hiyo "satya", ukweli, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye satyagraha, mapambano yao yasiyo ya ngumi. Yaani mzee wa Athens kaingia kwenye mgomo wa Johannesburg kama mwenzao!

Mwaka uliofuata, akiwa melini kutoka London, akaandika Hind Swaraj, tena kwa Kigujarati. Kimeandikwa kama mazungumzo, Msomaji anauliza na Mhariri anajibu, mtindo wa Socrates mtupu, halafu ndani humo ustaarabu wa Kizungu unapewa vidonge vyake. Mwaka 1910 serikali ya Waingereza kule Bombay ikavipiga marufuku vyote, Hind Swaraj na kile kijitabu cha Socrates. Hivi jamani, kama tafsiri ni kazi ya watu wa lugha tu, kwa nini serikali iogope tafsiri ya kesi iliyokwisha miaka zaidi ya elfu mbili?

(Msinielewe vibaya, Gandhi simfanyi malaika. Miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini aliandika maneno ya dharau kuhusu watu weusi, na ndiyo sababu wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana waliipinga sanamu yake hadi ikaondolewa Desemba 2018. Hilo nalo litaingia kwenye tasnifu.)

Sasa njoo kwa Mwalimu. Alisoma Edinburgh kuanzia 1949 mpaka 1952, angeweza kabisa kubaki anawaandikia wa Edinburgh. Badala yake akakaa na Shakespeare usiku, huku ana nchi ya kuendesha. Julius Caesar akaitoa mwaka 1963, na mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akatoa Mabepari wa Venisi. Angeweza kusema wafanyabiashara. Angeweza kusema wachuuzi. Akasema mabepari! Na neno lenyewe asili yake ni India, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mfanyabiashara. Likaja pwani na majahazi likiwa na maana hiyo tu, na kufikia 1969 lilishakuwa la mnyonyaji.

Haya ndiyo niliyokuwa namweleza Bibi juzi usiku. Alikuwa anapukuchua mahindi, akaniuliza hiyo falsafa ninayolipiwa ada kwa viazi vya baba ndiyo kitu gani. Nikajaribu kuanza na Radhakrishnan, nikakwama sentensi ya pili, kwa sababu kila neno nililokuwa nalo kichwani lilikuwa la Kiingereza. Niliona aibu. Nikaamua kumsimulia Mabepari wa Venisi: Antonio, Shailoki, ile ratili ya nyama.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo Antonio mwenye meli, na yule anayetaka nyama, wote Mwalimu kawaita mabepari?"

Nikamwambia jina la kitabu ndivyo lilivyo.

"Amekosea. Siku za vijiji ukiwa na ng'ombe watatu unaitwa bepari. Mwenye duka hapa alitukopesha chumvi mwaka wa njaa, naye wakamwita bepari. Anayekukopesha chumvi na anayetaka nyama yako unawaitaje jina moja, mjukuu wangu?"

Nikamtetea Mwalimu, kwamba labda aliona biashara yenyewe ndiyo inamfanya mtu atake nyama ya mwenzake. Bibi akacheka. "Na wewe baba yako akiuza viazi Makambako anataka nyama ya nani?" Tulibishana mpaka moto ukazima, na mimi, wa mwaka wa tatu, nilishindwa.

Kichwa cha tasnifu sibadilishi. Nimeongeza sura moja kuhusu hilo swali la chumvi na nyama, na nitaomba niiandike kwa Kiswahili. Wakikataa nitaandika mara mbili. Jumatatu nashika basi la Dar, na mfuko wa mahindi ya Bibi ninao, wale wa chumba namba yangu mjiandae. Mwenye Mabepari wa Venisi anikopeshe, nakala ya maktaba nimesikia haina kurasa za mwisho.