Unalipia mvinyo ama unalipia jina?

Desemba iliyopita nilishuka Musanda, kwa kina mama, nikiwa na chupa ya Bordeaux kwa begi. Sh3,800, wasee. Lebo ilikuwa na picha ya kasri na maandishi ya dhahabu: Grand Vin de Bordeaux. Nilitaka wajomba wajue kwamba kijana aliyeacha chuo hajaachwa na maisha.

Khocha akaonja, akakunja uso, akauliza kama ni dawa. Nikaonja pia. Ulikuwa mkavu, ulimi ukakauka kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Kuku wa kukhu alikuwa mezani na mvinyo wangu ukamharibia ladha. Hapo ndipo nilipojua kwamba Sh3,800 zangu zilienda kwa lile kasri la kwenye lebo.

Acha nikuambie: pesa nyingi tunazotoa kwa mvinyo mwekundu wa Ufaransa tunalipia jina. Na vijana ndio tunaongoza, kwa sababu tunanunua chupa ya kupigwa picha kabla ya kununua chupa ya kunywa.

Biashara ya jina hata Musanda tunaielewa. Miwa ya kwetu iliingia kiwandani, pakiti ikatoka imeandikwa Mumias, na huko Nairobi hakuna aliyeuliza ilikatwa shamba gani. Kampuni ilipowekewa meneja mrasimu mwaka 2019, jina ndilo lililoanguka. Miwa ilibaki tamu vilevile.

Ufaransa jina lina nguvu hata zaidi. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux walipanga mashamba kwa vyeo wakifuata bei za sokoni. Bei ikazaa cheo, kisha cheo kikazaa bei. Orodha hiyo ingali inatumika, na badiliko kubwa linalojulikana ni la 1973, Château Mouton Rothschild ilipopandishwa hadi daraja la kwanza. Halafu sheria ya 1935 ikaweka mipaka: ukilima ndani ya mpaka unatumia jina, ukilima nje hutumii.

Sasa mpaka huo ndio nafasi yako. Jirani aliye nje ya jina kubwa mara nyingi ana zabibu zilezile na jua lilelile, ila hawezi kuitisha bei ileile. Châteauneuf-du-Pape ni ghali. Vuka mto Rhône upate Lirac, inayotumia Grenache na Syrah kama jirani yake, kwa bei ya chini. Ukiikosa, tafuta Côtes du Rhône Villages.

Unapenda Malbec ya Argentina? Kwao asili ni kusini magharibi mwa Ufaransa, na Cahors lazima iwe na Malbec angalau asilimia 70. Hiyo ni nzito, ya nyama choma. Corbières na Minervois kutoka Languedoc pia zinaweza mbuzi. Kwa kuku wa kienyeji, chukua Beaujolais. Inatoka kwa zabibu ya Gamay, ni nyepesi, na ukiiweka kwa friji nusu saa kabla ya kumimina inakuwa poa zaidi.

Kwa lebo, usibabaishwe. Grand Vin, Réserve na Vieilles Vignes ni maneno ambayo muuzaji anaweza kuandika bila sheria kumpimia ubora. "Mis en bouteille au domaine" angalau inakuambia mvinyo ulitiwa chupani palepale kwa mkulima.

Lakini pia usikimbilie chupa ya chini kabisa kwa rafu. Tangu mwisho wa 2024, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo ni Sh22.50 kwa kila sentilita ya pombe halisi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 13 inalipa kama Sh219, iwe inauzwa Sh900 au Sh9,000. Ongeza VAT, meli, lori, kioo na faida ya duka. Kwa ile ya Sh900, pesa iliyobaki ya mvinyo wenyewe ni kidogo sana. Ukipanda kidogo, sehemu kubwa zaidi ya pesa unayoongeza inaenda kwa kilicho ndani, mpaka ufike mahali jina linaanza kula tena. Kaa hapo katikati. Na uangalie stempu ya KRA kabla ya kulipa.

Najua kuna atakayesema, Musanda na mvinyo wa Ufaransa wapi na wapi? Mimi sikuambii unywe. Kama hujafika miaka 18, au hutumii, achana nayo kabisa, hujapoteza kitu. Nasema na wewe ambaye tayari unanunua, halafu mwisho wa mwezi unakopa nauli. Hakuna aliyekuheshimu zaidi kwa sababu ya kasri kwenye lebo. Wengi hata hawakuisoma.

Pasaka nilirudi na Beaujolais-Villages ya Sh2,100. Khocha alionja, akanyamaza, akasukuma kikombe mbele ajaziwe. Jina hakuuliza. Aliuliza kama nimebeba nyingine.